Wasomaji Wanauliza: Wanachuo Wanaolea na Kufundisha Watoto wa Wafanyakazi wa Vyuo

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja. Katika vyuo vikuu vyetu, hasa pale ambapo nyumba za wafanyakazi zimo ndani ya eneo la chuo au jirani nalo kama ilivyo Mlimani, Dar es Salaam, ni kawaida mfanyakazi kumwita mwanafunzi nyumbani kwake ashinde na watoto nyakati za jioni au awafundishe masomo ya ziada. Mimi nauunga mkono utaratibu huu, kwa kuwa mzazi hupata msaada wa karibu na mwanachuo hupata fedha ya kujikimu. Lakini kwa kuwa hupangwa kwa mdomo, tena baina ya watu wasiolingana madaraka, mambo mengi ya msingi huachwa bila kusemwa.

SWALI: Mimi ni afisa utawala katika chuo kikuu, na ninaishi Changanyikeni. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine yupo darasa la tatu. Mume wangu anafanya kazi mkoani na dada wa kazi amerudi kwao. Nataka nimchukue mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, aje siku tatu kwa wiki kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku, akae na watoto na amsaidie mkubwa kazi za shule. Nitampataje aliye mwaminifu, na nimlipe kwa hesabu gani?
*Mama wa Wawili, Dar es Salaam*

JIBU: Dada yangu, kwanza nikupongeze kwa kuuliza kabla ya kumchukua. Usimpokee mtu kwa sababu tu umemwona kanisani au msikitini akiwa na adabu. Mwombe kitambulisho chake cha chuo, jina la ndaki (kitengo cha chuo) anayosoma, na namba ya mzazi au mlezi wake, kisha umpigie huyo mzazi mwenyewe na umweleze binti yake atakuwa wapi na hadi saa ngapi. Zungumza pia na familia moja aliyowahi kuifanyia kazi, au na mwalimu aliyemfundisha sekondari. Halafu mwalike mara mbili au tatu ukiwa nyumbani, umlipe kwa siku hizo, nawe utazame anavyokaa na mtoto mdogo pindi anapolia au anapokataa kula.

Kuhusu malipo, anza na saa. Saa nne kwa siku, mara tatu kwa wiki, ni saa 12, na kwa mwezi ni saa 48 au zaidi. Hesabu hiyo ina uzito wa kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinataja mambo ambayo lolote kati yake likiwepo, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, na mojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo usidhani kwamba huyo ni binti anayekuja tu kukusaidia. Mbele ya sheria anaweza kuwa mfanyakazi wako, na wewe mwajiri wake. Mwandikieni karatasi moja inayotaja siku, saa, kiwango cha malipo kwa saa, tarehe ya kulipa, na kazi zenyewe ni zipi. Nauli iwe juu yako, na chakula cha jioni ale pamoja na watoto bila kukatwa. Mlipe kwa simu, maana ujumbe wa muamala unabaki kuwa kumbukumbu kwenu nyote wawili.

Saa moja usiku giza limeshaingia, na njia ya kutoka Changanyikeni kwenda hosteli si salama kwa msichana anayetembea peke yake. Mpangie bodaboda unayemfahamu, au ufupishe muda uishe saa kumi na mbili. Hili naliona muhimu kuliko kiwango cha malipo.

Mtoto wa miaka minne ahitaji mtu anayejua hatari zilizomo ndani ya nyumba. Mwoneshe huyo binti mahali pa kufungia mtungi wa gesi, dawa zinapowekwa, na ndoo za maji ya akiba ambazo tumezoea kuziacha wazi bafuni maji yanapokatika, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama hata ndani ya ndoo. Bandika ukutani namba yako, ya jirani, ya zahanati, na za dharura: 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba hapaswi kumpiga mtoto, na kwamba mtoto akimshinda akupigie simu hata kama uko kikaoni.

Mwisho, uliza ratiba yake ya masomo kabla hujamwonesha yako. Wiki za mitihani hatakuja, na hapaswi kuombwa aje. Kama anasomea ualimu, fahamu kwamba likizo ndefu ataondoka kwenda mazoezi ya kufundisha, pengine mkoa wa mbali, hivyo tafuta mapema mwenzake wa kushika nafasi yake, na watoto wamzoee kabla ya wa kwanza hajaondoka.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mhadhiri wangu aliniomba nimfundishe mwanawe anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Mwezi wa kwanza alinilipa vizuri. Baadaye mama wa nyumba hiyo alianza kuniomba nioshe vyombo, kisha nifue, na sasa Jumamosi naenda sokoni. Malipo ya miezi miwili sijapata, na nikiuliza naambiwa nivumilie. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa na sina pa kukopa. Mhadhiri huyu ndiye anayesahihisha kozi-weki yetu (kazi na majaribio ya muhula), na ninaogopa kwamba nikiacha nitapata sapu, yaani nifeli na kurudia mtihani. Nifanye nini?
*Mwanachuo mwenye hofu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na imenisikitisha. Yote uliyoyataja ni mazito, lakini lililo zito zaidi ni hilo la mwisho: mtu mmoja ameshika alama zako na ujira wako kwa wakati mmoja. Katika hali hiyo hakuna makubaliano ya hiari, hata kama mhadhiri ni mtu mwema na hajawahi kukutisha kwa neno lolote. Mwanafunzi anayeogopa kukataa kufua nguo hakuchagua kuzifua. Kwa maoni yangu mhadhiri hapaswi kabisa kumwajiri nyumbani kwake mwanafunzi ambaye anamfundisha, anamsimamia au anasahihisha kazi yake. Akihitaji mwalimu wa mwanawe, achukue mwanafunzi wa idara nyingine. Ninatamani kila chuo kiliandike jambo hili katika kanuni zake za maadili ya watumishi, na wahadhiri wanaosoma ukurasa huu wasingojee kanuni hiyo iandikwe.

Sasa tushughulike na lako. Andika kwenye daftari tarehe ulizofanya kazi, saa ulizoingia na kutoka, na kazi ulizofanya, kadiri unavyokumbuka kwa uhakika. Hifadhi ujumbe wote wa simu, ukiwemo ule wa malipo ya mwezi wa kwanza, kwa sababu huo ndio unaoonesha mlikubaliana kiasi gani. Kisha mwandikie mhadhiri ujumbe mfupi wa heshima: mshukuru kwa nafasi aliyokupa, mweleze kwamba masomo yamekuzidi na utaacha kazi tarehe fulani, taja kiasi unachodai na uombe ulipwe kabla ya tarehe hiyo. Usimlaumu, wala usitaje vyombo na nguo katika ujumbe huo. Hayo yatakuwa na mahali pake kama shauri litaendelea.

Asipolipa, hujakwama. Migogoro ya ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na malalamiko ya aina hii yanatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo usikae kimya muhula mzima ukisubiri huruma. Usuluhishi huanza kwa mazungumzo mbele ya msuluhishi, nawe unaweza kwenda bila wakili.

Kuhusu alama, nenda kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya mitihani, wala si baada ya matokeo kutoka. Mweleze hali ilivyo na uombe kazi zako zisahihishwe au zihakikiwe na mtu mwingine. Ukienda mapema utasikilizwa kama mtu anayetaka haki itendeke. Ukienda baada ya kufeli, wapo watakaosema unatafuta kisingizio. Mwambie pia kiongozi mmoja wa serikali ya wanafunzi unayemwamini, ili usiwe peke yako katika jambo hili.

Wewe hukuandika lolote kuhusu kutongozwa, na silidhani. Lakini wapo mabinti watakaosoma jibu hili ambao kwao kazi ya nyumbani kwa mhadhiri ndiyo iliyofungua mlango huo. Kudai ngono kwa kutumia madaraka ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113.

SWALI: Nasoma Ohio, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Profesa mmoja wa idara nyingine ameniomba nikae na watoto wake jioni mbili kwa wiki, naye atanilipa taslimu. Wenzangu wanasema haina tatizo kwa kuwa ni mfanyakazi wa chuo hicho hicho.
*Mtanzania ugenini*

JIBU: Wenzako wamekosea, na kosa hilo linaweza kukugharimu viza. Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Nyumba ya profesa si eneo la chuo, na anayekuajiri hapo ni profesa mwenyewe, chuo hakimo. Kulipwa taslimu hakubadilishi kitu, na hata ungepewa chumba cha bure badala ya fedha, bado hayo ni malipo. Vyuo vingi vya huko vina vituo vya kulea watoto wa wafanyakazi na wanafunzi, pamoja na ofisi zinazoajiri wanafunzi kufundisha wenzao, na nafasi za namna hiyo zikiwa ndani ya chuo zinaweza kukufaa. Kabla ya kukubali yoyote, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaulize. Profesa mjibu kwa adabu kwamba masharti ya viza hayakuruhusu; atakuelewa.

SWALI: Mimi ni fundi maabara katika chuo kikuu, Morogoro. Kijana wa mwaka wa tatu anamfundisha mwanangu wa darasa la tatu hisabati. Daftari la nyumbani lina alama ya vema kila ukurasa, lakini mtihani wa shule mtoto anafeli. Kijana ana bidii na haji kwa kuchelewa. Tatizo ni nini?
*Baba Morogoro*

JIBU: Ndugu yangu, tazama vema hizo zimepatikanaje. Mara nyingi kijana wa chuo anajua hesabu vizuri kiasi kwamba mtoto akisita, mkono wake unakwenda kwenye penseli. Chukua mfano wa 42 kutoa 17. Watoto wengi wa umri huo huandika 35. Hawakubahatisha: katika nafasi ya mamoja wameona 2 na 7, wakatoa ndogo kutoka kubwa wakapata 5, kisha kwenye makumi wakatoa 1 kutoka 4 wakapata 3. Mwalimu akifuta 35 na kumtajia 25, ukurasa unapendeza, ila mtoto bado ana kanuni ile ile kichwani, na siku ya mtihani ataitumia.

Mwalimu aliyetulia angemuuliza, "Umepataje tano?" kisha angesubiri. Akishasikia maelezo, angeleta vijiti 42, makumi manne yaliyofungwa kwa mpira na viwili vilivyo huru, amwambie atoe 17. Mtoto angekuta vijiti huru ni viwili tu na anatakiwa kutoa saba, na hapo angelazimika kufungua fungu moja yeye mwenyewe. Kazi hiyo huchukua robo saa kwa hesabu moja, na mzazi anayepima masomo ya ziada kwa idadi ya kurasa ataona muda umepotea. Kwa hiyo na wewe una sehemu yako: mwambie kijana wazi kwamba hutaki kurasa nyingi, na kwamba kosa likiachwa wazi daftarini halitakuudhi.

Mwombe pia kitu kimoja zaidi. Kila anapomaliza somo aandike nyuma ya daftari kosa moja ambalo mtoto amelirudia na jinsi alivyolieleza mtoto mwenyewe, nawe Jumamosi ukae na kijana dakika kumi mlipitie, kisha mpeleke orodha hiyo kwa mwalimu wa hisabati shuleni. Baada ya mwezi, mpe mtoto hesabu tano za kutoa akiwa peke yake mezani, kijana asiwepo chumbani.