Kabla hujaandika namba kwenye faili la mgonjwa wa saratani ya koo

Mdogo wangu unayeanza kazi huku Mtwara, jambo hili utakutana nalo mapema. Wagonjwa wetu wengi wa saratani ya kinywa, koo na zoloto (kisanduku cha sauti) wanakuja wamechelewa: shingo imevimba, sauti imekauka, kinachopita ni uji tu. Kabla hawajapanda basi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi, wanapimwa damu. Ukigawanya nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, unapata uwiano, na tafiti nyingi zimeona kwamba wenye uwiano mkubwa kwa wastani huishi muda mfupi zaidi. Ukishalijua hilo, utatamani kumpigia hesabu kila anayeingia.

Mimi nilifanya hivyo. Mzee mmoja, mvuvi wa Mikindani, majibu yake yalikuwa nyutrofili 7.2, limfosaiti 0.8. Tisa. Nikamwita mwanawe pembeni, nikaanza kumwandaa kwa msiba. Nesi wa zamu ndiye aliyemgeukia mzee mwenyewe.

"Babu, juzi ulichomwa sindano yoyote?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Ya kupunguza uvimbe, nipate kupumua."

Deksamethasoni. Ndani ya saa chache tu dawa hiyo hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Tulipompima tena baada ya wiki, dawa ikiwa imeshakwisha mwilini, ilikuwa 4.8 kwa 1.6, yaani tatu. Uvimbe ni uleule, mzee ni yuleyule. Lakini mwanawe alikuwa ameshapiga simu nyumbani, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo uliza kwanza. Malaria, jino lenye usaha, kidonda kilichoingia wadudu, VVU, vyote husogeza namba hiyo. Tena Waafrika wengi huzaliwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu, nao ni wazima kabisa, kwa hiyo mpaka uliowekwa kwa wagonjwa wa Ulaya usiuchukue kama ulivyo. Na ile chupa ya kifuniko cha zambarau igeuze taratibu mara nane hadi kumi, palepale unapomaliza kutoa damu. Ikiganda, omba nyingine.

Siku hizi macho yangu yanaanza kwenye himoglobini, yaani wingi wa damu, na albumini, protini iliyomo kwenye damu. Nazo zikiwa chini si dalili njema, ila hapo kuna kazi ya kufanya: tafuta safura, tibu malaria, mpime uzito, muulize jana alimeza nini hasa. Korosho tunazo, zikisagwa laini kabisa zinaingia kwenye uji. Albumini peke yake isikudanganye, maana saratani yenyewe huishusha hata kwa anayekula. Anayeshindwa kumeza, zungumza na daktari mapema kuhusu mpira wa kulishia, usisubiri abaki mifupa.

Kwenye faili naandika tarehe ya damu, dawa alizotumia wiki ile, joto la mwili, halafu ndipo uwiano.