Jibu: Taa ya kioo cha kupuliza imeinama upande

Habari ndugu. Nilivyokuelewa, umefunga taa tatu za kioo cha kupuliza kutoka Kitengela, karibu na Nairobi, juu ya meza ya chakula. Moja imeinama na mwanga unakuumiza macho.

Kabla ya kumrudisha fundi, angalia shingo ya kioo pale kinapokaa kwenye holda (kishikio cha balbu). Kioo cha kupuliza kwa mdomo hakina unene sawa pande zote, upande mmoja huwa mzito. Zima umeme kwenye swichi kuu, legeza pete ya holda, weka wosha ya mpira juu na chini ya kioo, kisha kizungushe kidogo kidogo mpaka kitulie. Kaza kwa vidole tu. Mimi nilikaza yangu kwa koleo, shingo ikalia "tik", ufa ukashuka mpaka chini. Bado inaniuma.

Kuhusu macho, jaribu balbu ya LED ya rangi ya maziwa, 2700K (mwanga wa manjano, wa kutuliza). Ila viputo vya hewa ndani ya kioo hung'ara zaidi kwa balbu ya kioo kinachoonyesha ndani, isiyo ya maziwa, na vivuli vyake hutandaa mezani kama maji yanayotikisika. Uzuri huo mimi sikuweza kuuacha, nikaweka swichi ya kupunguza mwanga (balbu nayo iwe ya kukubali swichi hiyo).

Kutoka mezani hadi ukingo wa taa acha sentimita 75 hadi 90.

Je, dari ni ya jipsamu? Kama ndiyo, hakikisha ndoano imeshika mbao ya kenchi.