Umri Wako Useme Kijiweni: Kwa Bodaboda Waliovuka Miaka 45

Vijiweni umri hufichwa. Dereva wa miaka 52 husema ana 44, akihofia abiria watamkimbilia kijana au tajiri, yaani mwenye pikipiki, atampa mtu mwingine chombo. Abiria si lazima waujue. Lakini mwenyekiti wa kijiwe, tajiri, daktari na kampuni ya bima waambie ukweli, kwa sababu kuna mambo ya kurekebisha kwenye pikipiki na kwenye saa zako za kazi, na hakuna atakayekusaidia kuyarekebisha akiamini bado una nguvu za kijana.

Tuanze na macho, maana ndiyo yanayoua. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, ukaanza kusogeza simu mbali ili usome. Hilo kila mtu huligundua. Usioonekana upesi ni upungufu wa usiku: mboni haipanuki tena gizani kama zamani na lenzi inaanza kufifia, hata jicho la mtu wa miaka 60 hupata ndani yake karibu theluthi tu ya mwanga anaopata kijana wa miaka 20. Gari likikumulika taa kali, macho huchelewa kurudi, na katika kuchelewa huko ndimo linamopotea shimo au mkokoteni usio na taa. Ukimulikwa, punguza mwendo na utazame ukingo wa kushoto wa barabara, usizitazame taa. Kioo cha helmeti cha usiku kiwe cheupe kabisa. Kilichokwaruzika hutawanya mwanga, kwa hiyo kibadilishe; na ukikisafisha tumia maji, sabuni laini na kitambaa laini, usisugue vumbi likiwa kavu.

Pima macho kila mwaka, na uombe waangalie mambo matatu: miwani ya mbali, mtoto wa jicho na presha ya macho. Presha ya macho kwa kawaida haiumi. Inakula uwezo wa kuona pembeni kidogo kidogo, mpaka bajaji zinaanza "kuchomoza ghafla" kila siku. Ukijiona unazilaumu bajaji mara nyingi, nenda kapime.

Kuna suala la kuchelewa kushika breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja hukusogeza karibu mita 14. Ukichelewa nusu sekunde tu, umeshakwenda mita 7, urefu wa Coaster nzima, kabla breki haijaanza kazi. Dawa yake ni nafasi. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu sekunde. Usiifikie nguzo hiyo kabla ya sekunde nne.

Sasa pikipiki yenyewe. Waya wa klachi ukiwa mkavu, mkono wa klachi huwa mgumu na huchosha kiganja. Uchomoe juu, udondoshee oili taratibu hadi itokee chini, kisha urudishe uchezaji wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi, au kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Ukikaza mno klachi itateleza na kuungua. Ukilegeza mno gia zitagoma. Legeza pia bolti za mikono ya klachi na breki, uizungushe hadi kifundo cha mkono kinyooke sawa na kigasha, kisha uzikaze tena. Mgongo ukiuma kwa kuinama, legeza vishikio vya usukani, uuvute nyuma kidogo na uvikaze tena, kisha pikipiki ikiwa imesimama uzungushe usukani kushoto na kulia hadi mwisho huku injini inanguruma polepole. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umebana: rudisha usukani mbele. Usipuuze jaribio hili, kwani pikipiki inayojivutia mafuta kwenye kona humtupa hata kijana.

Shokapu za nyuma wengi huziweka ngazi ya juu kwa ajili ya mishikaki (abiria zaidi ya mmoja kwa safari moja) na magunia, wakaziacha hapo. Ukiwa peke yako kila tuta linapiga uti wa mgongo. Zishushe ngazi moja au mbili, pande zote mbili sawa. Na mishikaki uiache kabisa. Goti likisumbua, tunza betri ili uwashe kwa stata badala ya kupiga kiki: ikipumzika isome karibu volti 12.6; ikishuka chini ya 12.2 ichajiwe.

Dawa nazo zina mambo yake. Vidonge vya mafua na mzio kama Piriton huleta usingizi. Ukimeza, siku hiyo usibebe mtu. Dawa za presha zinaweza kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla, hasa wiki ya kwanza au dozi ikibadilishwa. Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya kuanza kazi. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza. Maji unywe kwa ratiba ya saa, usingoje kiu, kwani hisia ya kiu hupungua na umri.

Kwa tajiri, nenda na pendekezo mkononi: wewe ushike kuanzia kukipambazuka hadi saa 12 jioni, deiwaka (dereva wa kushikia) kijana ashike usiku, na hesabu, yaani fedha ya kumpelekea tajiri, igawanywe. Tajiri mwenye akili atakubali, maana chombo kinalala kidogo na gizani kinashikwa na mwenye macho ya kijana. Bima nayo usiidanganye tarehe ya kuzaliwa. Ni kuwapa sababu ya kupinga madai yako.

Nyuma ya leseni weka karatasi yenye mwaka wako wa kuzaliwa, dawa unazotumia na namba ya mtu wa nyumbani, na mwenyekiti wa kijiwe awe na nakala. Ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata ukijisikia mzima, hasa kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin. Kwa mtu mzima damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa au mguu kuburuta vikaja wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba ulianguka.