Maswali ya Wasomaji: Setilaiti ya Nyuzi 36 na Dishi Lako

SWALI: Eutelsat 36D, setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ilirushwa Florida tarehe 30 Machi 2024 kwa roketi ya Falcon 9. Mbona haikuanza kazi wiki hiyohiyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa sababu roketi haiifikishi. Huiachia njiani, kwenye mzunguko uliochongoka kama yai, tena ulioinama, maana Florida iko nyuzi 28 na nusu kaskazini mwa ikweta. Kutoka hapo setilaiti hujisukuma yenyewe hadi kilomita 35,786 juu ya ikweta, huku ikinyoosha njia yake.

Zenye injini ya kuchoma mafuta humaliza safari hiyo kwa wiki moja au mbili, ila mafuta peke yake hukaribia nusu ya uzito wakati wa kurushwa. 36D, yenye tani kama 5, hutumia umeme wa jua kufyatua chembe za gesi ya zenoni. Gesi inayohitajika ni kidogo mno, lakini msukumo wake ni kama uzito wa karatasi chache kiganjani. Hapo hesabu miezi. Na muda huo wote inapita kwenye mikanda ya mnururisho ya Van Allen, yaani maeneo yanayoizunguka dunia yenye chembe kali, inayochakaza paneli za jua.

Unyonge huo umewahi kuokoa jahazi. Julai 2001, sehemu ya juu ya roketi ya Ariane 5 ilikosa nguvu, ikaiacha setilaiti ya Artemis ya Ulaya kwenye mzunguko ambao kilele chake kilikuwa kilomita 17,000 na ushei badala ya 36,000. Injini ya mafuta iliipandisha hadi kilomita 31,000. Zilizobaki zilikwewa na injini za zenoni, ambazo ziliwekwa kwa ajili ya marekebisho madogo tu. Ilifika Januari 2003.

SWALI: Ikishafika, inakaa tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Inakimbia kilomita 3 kila sekunde, sambamba na mzunguko wa dunia. Jua na mwezi huivuta. Ikiachwa, njia yake huinama karibu nyuzi 0.85 kwa mwaka, na dishi lililofungwa halitaiona sawasawa. Hivyo hurekebishwa mara kwa mara. Kabla gesi haijaisha, husukumwa kilomita kama 300 juu zaidi ili kuwapisha wengine.

SWALI: Kila Machi picha hukatika mchana kweupe, mbingu haina hata wingu. Dishi limelegea? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Halijalegea. Ukiwa Dar es Salaam, setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, nyuzi 81 juu ya upeo wa macho. (Uso wa dishi utauona umelala chini ya hapo kwa nyuzi ishirini na kitu, ndivyo madishi ya mkono wa LNB (kichwa kinachopokea mawimbi) upande wa chini yalivyo.) Kwa siku chache kandokando ya tarehe 23 Machi na 20 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti hasa, na kelele za jua, yaani mawimbi ya redio linayotoa, huyameza mawimbi ya setilaiti. Machi ni mnamo saa 6:45 mchana, Septemba saa 6:30, na haizidi dakika kumi hivi.

Hatari ni spana. Anayelegeza nati saa hiyo akitafuta mawimbi atalipoteza shabaha dishi lililokuwa sawa. Fundi akija, mpe chai kwanza hadi saa saba.