Jibu: chota, chovya na mimina kwa Kiingereza

Dada, nimekuelewa, umepata kazi ya jikoni hapo Jinja, bosi anataka mapishi yaandikwe kwa Kiingereza na wewe kila mahali unaweka "put" tu. Inarekebishika.

Angalia kwanza unashika nini mkononi. Ukichota unga, wali au aiskrimu hiyo ni scoop, supu au sosi ya njugu kwa upawa ni ladle, kupakulia wateja ni serve au dish up. Maji ya kisimani wengi huku kwetu tunasema fetch, draw nayo ni sahihi, ila kutoa maji yaliyoingia kwenye mtumbwi ni bail.

Dip ni kuchovya na kutoa haraka, dunk ndio ile ya mkate kwenye chai, soak ni kuloweka muda mrefu kama maharage, hizo usizichanganye kabisa kwenye mapishi maana mwenzako atafuata ulichoandika.

Pour ndio inasumbua wengi: inafuatwa na kile kinachomiminwa, yaani pour the milk into the cup, ukitaka kuanza na kikombe tumia fill. Spill ni kumwaga bila kukusudia, ukimwaga makusudi ni pour out.

Na ile dawa ya kupe uliyotaja ya ng'ombe wa mzee, ile iliyoandikwa dip, yaani ya kuogeshea ng'ombe, kwa kawaida inachanganywa na maji, pour-on inamiminwa mgongoni vilevile ilivyo, tafadhali usikisie, muulize daktari wa mifugo kabla hamjafungua chupa.