Re: Wanaolipa wapewe marupurupu au la?

Salama mkuu. Gharama za seva za jukwaa lako la mtandaoni zimekuelemea, unataka kuwapa wanaochangia kitu cha ziada, ila unahofia wasiolipa watahama.

Kwanza angalia ni nani wanaojibu maswali hapo kwako. Mara nyingi ni watu wachache, na wengi wao hawatoi hata senti. Ukiwabana hao wakaondoka, mlipaji atakuwa amelipia ukumbi mtupu.

Kwenye kundi ninalosimamia, wanaolipa hawaoni matangazo, wanapakia mafaili makubwa zaidi na wana kinyota kando ya jina. Basi. Hakuna aliyenyimwa kitu. Kwenye Telegram nako asiyelipa anatuma faili la hadi GB 2, mlipaji GB 4, mazungumzo ni yaleyale. X (zamani Twitter) ndio huyapandisha juu majibu ya waliolipia, matokeo yake jibu la maana linazikwa chini ya porojo. Hilo liepuke kabisa.

Halafu sheria. Kuna jamaa kwetu alifungiwa kwa matusi, akaja juu na risiti mkononi! Tukamrudishia hela yake, adhabu ikabaki palepale. Liandike hilo, kwamba kulipa hakumkingi mtu na sheria, kwenye masharti kabla hujapokea malipo ya kwanza. Bei waulize wanachama wako wenyewe.