Jaribu kwanza mwenyewe, simu ije baadaye

Mtoto anayezaliwa leo katika hospitali ya Mulago, Kampala, anakuja duniani na ubongo usio na tofauti kubwa na wa mtoto aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria miaka elfu tano iliyopita. Naanza na hilo kwa sababu mimi ni dereva na kiongozi wa watalii, na siku hizi nafundisha pia vijana wanaoingia katika kazi hii. Ndani ya gari swali ni lile lile, kwa wageni na kwa vijana: je, simu zinatugeuza kuwa binadamu wa aina nyingine? Mambo mawili yanachanganywa hapo, na nimeona yakishatenganishwa mtu anajua la kufanya.

La kwanza ni mageuko ya viumbe. Hayo huenda kwa vizazi na hupita katika uzazi: nani alipata watoto wakaishi mpaka nao wakazaa. Teknolojia imewahi kuyasukuma, tena hapa hapa kwetu. Mnyama anyonyeshaye akishaachishwa ziwa, kwa kawaida mwili wake hupunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Lakini mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba kati ya wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan kuna mabadiliko ya jeni yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kunywa maziwa, na yalitokea mbali kabisa na yale ya Wazungu. Binadamu alianza kufuga ng'ombe, na ng'ombe naye akambadilisha binadamu.

Kilimo nacho kilifanya kazi yake, lakini kwa bei kali. Watu walipofyeka misitu na kukaa pamoja vijijini, mbu wa malaria walipata maji yaliyotuama na damu ya karibu. Mwaka 1954 Anthony Allison, baada ya kuwapima watoto wa karibu na Kampala, alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ana kinga dhidi ya malaria kali. Uchunguzi wa kitaifa ulikuta takriban asilimia 13 ya watoto wa Uganda wanabeba jeni hiyo. Anayebeba moja amelindwa. Anayerithi mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, anaugua maisha yake yote. Hivyo ndivyo mageuko yanavyolipwa, kwa makaburi ya watoto. Kwa hiyo mtu akiniambia tusihangaike, kizazi kijacho kitazaliwa kimeshazoea simu, namwambia asiombe jambo hilo. Halitakuja katika maisha yetu, na likija halitakuja kwa upole.

La pili ni ubongo unaojipanga upya ndani ya maisha ya mtu mmoja. Hapo ndipo simu inapotugusa, na hapo tuna sauti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka katika kazi kama yangu. Madereva wa teksi nyeusi za London hawapewi leseni mpaka wakariri mitaa ipatayo 25,000, kazi inayochukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire alichapisha vipimo vya ubongo wao: sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ndani ya ubongo kinachoshughulika na kumbukumbu na njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Labda walizaliwa hivyo? Mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett walijibu hilo. Waliwapima wanafunzi kabla ya masomo, wakawapima tena baadaye. Waliofaulu ubongo wao ulikuwa umebadilika, walioshindwa haukubadilika. Ni watu wazima hao, wenye familia na madeni, wala si watoto wa chekechea. Na lipo jambo ambalo watu hawapendi kulitaja: madereva hao hao walikuwa dhaifu zaidi katika baadhi ya majaribio mengine ya kukumbuka michoro mipya. Ubongo hauna nafasi ya bure. Ukiupa kazi hii, huenda kuna kazi nyingine inayosogezwa pembeni.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2017 kundi la Hugo Spiers liliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakitafuta njia katika mitaa ya Soho kwenye skrini. Waliojitafutia njia, hipokampasi yao iliamka kila walipoingia mtaa mpya. Walipofuata maelekezo ya mashine, mwamko huo haukuonekana. Kisha mwaka 2020 Louisa Dahmani na Véronique Bohbot, huko Montreal, walikuta kwamba madereva waliotumia sana ramani za kuongozwa walikuwa na kumbukumbu dhaifu ya njia walipoachwa peke yao, na wachache waliopimwa tena baada ya miaka mitatu walionyesha kushuka zaidi kadiri walivyozitumia. Ni watu wachache, sitaki kuupakia utafiti huo mzigo usioubeba. Lakini unakubaliana na ninachokiona barabarani.

Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi. Mawimbi ya setilaiti, yale yanayoijulisha simu iko wapi, yalikuwa yanafika kama kawaida. Kilichokosekana ni ramani, kwa waliokuwa hawajaihifadhi. Katika siku zile niliona vijana hodari kabisa, waliokuwa wamepita Kampala–Masindi mara nyingi, wakipiga simu kuuliza wakishavuka mto Kafu wanakata kushoto wapi. Macho yao yalikuwa yameipita kona ile kila safari bila ubongo kuulizwa chochote. Wazee waliojifunza njia kwa vilima na miti hawakujua hata kama kuna tatizo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa mpangilio tu: jaribu kwanza mwenyewe, kisha simu ikusahihishe. Sisemi uitupe. Mimi nayo naitumia kila siku, kwa foleni za Kampala hasa, maana hakuna kichwa kinachoweza kujua kwamba lori limeanguka Busega dakika kumi zilizopita.

Kijana ninayemfundisha, kabla ya kuwasha gari, ananisimulia safari nzima kwa mdomo: Mityana, Mubende, Kyegegwa, Kyenjojo, Fort Portal, wapi tunajaza mafuta, wapi wageni wanajisaidia, mto uko upande gani. Anapokwama ndipo anafungua ramani, anaangalia, anaifunga, anaendelea kusimulia. Tukienda mahali papya, kwenda tunaongozwa na simu, kurudi inazimwa sauti na kuwekwa mfukoni. Kurudi ndiko kunakofundisha. Na ramani yenyewe iweke kaskazini juu muda wote, isizungukezunguke kufuata gari. Mwanzoni inachosha, lakini baada ya muda utaanza kujua kwamba Kibuli iko upande huu na Namirembe upande ule hata ukiwa ndani ya vichochoro vya Katwe usikoona kilima chochote.

Kwa ndege ni vile vile, na hapa nina wasiwasi mkubwa kuliko kwa barabara. Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na sikio la kiongozi ndilo mkate wake. Siku hizi kuna programu inayosikiliza sauti msituni na kutaja jina. Ni chombo kizuri ajabu. Lakini kijana anayeinyanyua kabla ya kusikiliza hatakuwa na sikio hata baada ya miaka mingi, na mgeni anayekuja kumtafuta pita mwenye kifua cha kijani pale msitu wa Kibale atajiona anaongozwa na mtu aliye na simu kama yake. Kanuni yangu: sikiliza, taja jina kwa sauti mbele yangu, hata kama hujui taja unalodhani, kisha fungua programu. Kule kudhani, pamoja na aibu yake ndogo ya kukosea, ndiko kunakochimba mfereji kichwani.

Mnaolea watoto, niwapeleke kwa sokwe kidogo. Sokwe wa Kanyawara, katika msitu wa Kibale, na wale wa Sonso, katika msitu wa Budongo, ni wa jamii moja. Mwaka 2009 Thibaud Gruber na wenzake walitoboa magogo wakatia asali ndani. Wa Kanyawara walichukua vijiti. Wa Sonso walitafuna majani wakayafanya sifongo. Kila kundi lilitumia kile lilichozoea kwao. Halafu Novemba 2011, pale Sonso, dume mmoja alionekana akitengeneza sifongo kwa vimmea laini vinavyoota juu ya magogo yenye unyevu badala ya majani matupu. Ndani ya siku chache wengine waliomtazama walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Jeni za wale sokwe hazikubadilika wiki ile. Walitazamana.

Mtoto wako hatarithi hipokampasi iliyonenepa ya baba yake dereva, wala iliyolala ya mama yake anayefuata simu hadi sokoni. Atachukua anachokiona. Akiwa nyuma ya gari mnakwenda kijijini, mpe kazi: tumepita mji gani, jua liko bega lipi, bado miji mingapi. Mwache akosee. Mwambie akupeleke yeye dukani huku wewe ukimfuata nyuma, hata akizunguka. Mtoto mdogo anayepewa skrini ili anyamaze safari nzima anafika kwa bibi bila kujua alikopita, na ukimfanyia hivyo kila likizo, ubongo wake utajipanga kwa maisha ya kutopita popote. Tena mtoe nje mchana: imeonekana wazi, hasa katika nchi za Asia ya Mashariki, kwamba watoto wanaokaa ndani sana macho yao huzidi kushindwa kuona mbali, na mwanga wa nje huwalinda.

Mengine yote mpe simu bila kinyongo. Viwango vya dola, tarehe za vibali vya kuona sokwe, hesabu za mafuta, mimi sizikariri. Namba za simu nazo zote zimo mle, ila nne: ya mke wangu, ya kaka yangu, ya fundi wa gari na ya ofisi. Hizo nazipiga kwa kuziandika kwa kidole, kamwe sizitafuti kwa jina, kwa sababu simu hunyakuliwa dirishani kwenye foleni, na siku hiyo utaazima ya mtu na utahitaji kujua umpigie nani.